Rakaa ya Tano

Mara ya kwanza Jokha kupiga kofi ilikuwa Riyadh, katika fleti yao ya Shumaisi, na alipopiga alidhani kakosea yeye. Ilikuwa sala ya magharibi. Muhsin alirudi mazoezini amechelewa, sala ya jamaa msikitini imekwisha, basi akatandika mswala sebuleni akawasalisha mkewe na binti yao Nada. Rakaa ya tatu ikamalizika. Badala ya kukaa atoe salamu, bwana akainuka, akafunga mikono, akaanza ya nne.

Mwanamke aliye nyuma ya imamu hana ruhusa ya kusema neno. Mwanamume angesema "Subhanallah", imamu akajirudi. Mwanamke hupiga kofi: kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, imekwisha. Jokha akapiga. Muhsin akasita, akarudi akakaa, wakasujudu sijida ya kusahau, wakatoa salamu.

"Umechoka," Jokha akamwambia.

"Nimechoka kweli."

Na nani asiyesahau? Masheikh wanasahau, seuze mchezaji. Lakini Muhsin hakuwa mtu wa kuchoka kwa kazi ya mezani. Kazi yake ilikuwa hoki ya barafu, ule mchezo wa kuteleza kwa viatu vya makali na kugombania kisahani cheusi kwa magongo, na wiki tatu kabla ya sala ile jitu moja la timu pinzani lilimkandamiza kichwa ukutani mpaka kofia yake ngumu ikapasuka. Aliinuka, akabadilisha kofia, akacheza mpaka mwisho. Watu wakampigia makofi. Jokha naye alikuwapo, na alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo.

Tangu siku ile kofi lilirudi tena na tena. Adhuhuri alitoa salamu kwenye rakaa ya pili. Isha alisoma sura moja mara mbili mfululizo. Jiko aliliacha linawaka. Mwanga wa dirishani ulimuumiza macho, na yeye ambaye hakuwahi kumpandishia mtoto sauti alimfokea Nada kwa sababu ya kuangusha kijiko. Jokha akawa anahesabu moyoni: mara ya tatu, mara ya nne. Hakumwambia mtu.

Halafu timu ya Riyadh ikamwacha. Hakuitwa ofisini wala hakupewa mkono, ulikuja ujumbe wa simu wa mistari miwili, na wa pili ulimtaka arudishe jezi.

Usidhani lilikuwa jambo geni. Muhsin ana miaka thelathini na mitano, na katika miaka kumi na tano amechezea timu kumi na moja: Abu Dhabi, Kuwait, Istanbul, miji miwili ya Romania ambayo Jokha hawezi kutamka majina yake, na kwengineko. Nyota hakuwa hata siku moja. Alikuwa mtu wa kuziba pengo, anayeitwa mwingine akivunjika mguu, akaachwa mwenziwe akipona. Jokha amefungua na kufunga majiko mengi mpaka ameacha kununua vyombo vya udongo.

Safari hii, hata hivyo, palikuwa na ikama, kibali cha kuishi Saudia. Babu yake Muhsin alikuja Jeddah kutoka Unguja baada ya mapinduzi, na enzi wenziwe walipokuwa wakihangaikia uraia yeye alikataa katakata. "Nijiandikishe kwa nini?" alisema. "Mambo yakitulia tunarudi nyumbani." Masanduku yake yalikaa yamefungwa miaka ishirini nyuma ya mlango. Basi wajukuu wakazaliwa Jeddah, wakasoma Jeddah, na bado wanaishi kwa ikama na kafili, yaani mdhamini, kama waliotua jana. Kafili wa Muhsin alikuwa timu. Timu ikimwacha, ana siku chache za kupata kafili mwingine, la sivyo yeye, mke na mtoto wafunge virago, waende nchi ambayo hakuna kati yao aliyewahi kulala hata usiku mmoja.

Ndipo Marwan alipopiga simu kutoka Jeddah. Huyu Marwan ni meneja wa timu, na ni Mzanzibari vilevile, ila babu yake yeye alijiandikisha.

"Njoo," alisema Marwan. "Nina watu wawili majeruhi. Ukipita kwa daktari, nakupa misimu miwili na nahamisha ikama yako siku hiyohiyo."

Wakafungasha, wakaenda kukaa kwa mama yake Muhsin, mtaa wa Nuzha.

*

Chini ya majukwaa ya uwanja wa barafu wa Jeddah kuna chumba kisicho na dirisha, na humo ndimo alimofanyia kazi Dalmas, Mkenya wa Kakamega, fundi wa kunoa viatu vya barafu. Miaka ya nyuma yeye na Muhsin walikuwa timu moja Abu Dhabi, mmoja akichezea viatu, mwingine akivinoa.

"Buda, umezeeka!" Dalmas alimkaribisha huku akizima mashine. "Karibu, keti hapo kwa box. Sasa, hiyo kichwa iko aje?"

"Kichwa kizima. Nani kakwambia?"

"Video si tuliona sote, bro. Ukuta ulilia." Hakucheka. "Sikiza. Daktari wa hapa ni mtu wa haraka. Anakupatia maneno matano, mnaongea mambo mengine dakika kumi, halafu anakuuliza yale maneno. Kila mwaka ni yaleyale. Kila mchezaji akitoka huko anakuja hapa kunilalamikia, hadi mimi nimeyashika. Mwezi, kijiko, zulia, punda, ndimu."

Muhsin aliyarudia. Alipofika kwa punda akakwama.

Dalmas akachukua kiatu akakipangusa kwa kitambaa. "Ama uachane na daktari. Mimi niko peke yangu hapa na viatu zinaingia mia kwa siku. Kampuni ya uwanja inatafuta mtu wa kunisaidia, na kampuni ndiyo kafili. Si pesa kubwa, siwezi kudanganya. Lakini ikama iko."

"Ninoe viatu?"

"Kuna ubaya?"

"Dalmas," Muhsin alisema akiinuka, "mimi hunolewa viatu. Sinoi."

Alisema hivyo mbele ya mtu aliyemnolea viatu misimu mitatu. Dalmas aliwasha mashine, akaendelea na kazi. Muhsin alipofika mlangoni alijua amekosa, lakini kelele za mashine zilimpa kisingizio cha kutorudi.

*

Siku nne zilizofuata, jiko la Bi Zeyana, mama yake Muhsin, liligeuka chuo. Jokha akimenya vitunguu, Muhsin amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi kama mtoto anayekaririshwa juzuu.

"Mwezi," Jokha alianza.

"Mwezi, kijiko, zulia..." Akafumba macho. "Usiniambie. Zulia..."

"Punda!" Nada alipaza sauti kutoka sebuleni. "Punda, ndimu!" Mtoto wa miaka tisa alikwisha kuyatia wimbo, na akiyaimba akiruka kamba.

"Nyamaza!" Muhsin aliruka, kibao kikapinduka. "Nani kakuuliza wewe? Nani?"

Kamba ikaanguka. Muhsin alikitazama kibao kilichopinduka, kisha mikono yake, akatoka bila viatu mpaka kwenye ngazi.

Bi Zeyana, aliyekuwa akichambua mchele mezani, hakuinua kichwa. "Kwani mwanangu mnamfundisha nini, mkwe wangu?"

"Maneno ya daktari, mama."

"Mtu mzima afundishwe kijiko na punda?"

Jokha akaweka kisu chini. Akamweleza yote: kofi la kwanza, la pili, jiko, macho, mpaka la sita la juzi alfajiri. Akamweleza na habari ya Mromania mmoja, mwenziwe Muhsin wa zamani, aliyepigwa kichwa mara tatu katika msimu mmoja na sasa mama yake humlisha kwa mkono na kumfunga kamba za viatu. Muhsin mwenyewe ndiye aliyemsimulia Jokha, enzi hizo akidhani ni mambo ya watu wengine.

"Akipigwa tena, mama, hatutampata. Atakuwepo, lakini hatutampata."

Bi Zeyana alichagua kijiwe katika mchele akakiweka kando. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayependa kutania hata misibani, lakini sasa uso ulimkauka. "Na ikama ikikatika? Mtakwenda wapi? Mimi nitabaki na nani hapa, na magoti haya? Utakwenda Unguja umwambie nani wewe ni nani?" Akaokota kijiwe kingine. "Nyamaza, mwanangu. Apate kwanza hiyo karatasi. Kichwa tutakisomea."

"Kichwa kilichopigwa ukutani hakiponi kwa kusomewa."

"Nimesema nyamaza," alisema Bi Zeyana.

Jokha akanyamaza. Akainua kisu, akaendelea na vitunguu, ikawa vizuri kwamba vilikuwa vitunguu.

*

Kwa daktari aliingia Muhsin peke yake. Jokha alimngoja nje kwenye viti vya plastiki pamoja na karani wa timu, kijana wa suruali ya kubana, aliyekuwa akijaza fomu kwa kutazama ikama.

"Hapa kazi yake imeandikwa mpakiaji mizigo," karani alisema kwa Kiarabu, akicheka. "Mchezaji au hamali?"

"Waliandika Riyadh," Jokha alijibu. "Kazi ya mchezaji hawakuwa nayo kwenye orodha."

"Mafi mushkila, si neno. Hamali wa barafu!" Akawaonyesha na wenziwe. Jokha alijifunika mtandio vizuri, akatazama sakafu.

Muhsin alitoka baada ya robo saa, meno yote nje. Aliyataja matano, kwa Kiarabu, bila kukwama. Daktari alimsimamisha mguu mmoja, akamtia tochi machoni, akaandika fiti.

"Hata ndimu sikuisahau," alimwambia mkewe garini, na akampiga begani kwa furaha. Jokha akacheka naye, maana alikuwa na siku nyingi hajamwona mumewe hivi. Walipofika mzunguko wa Nuzha akapita njia ya kwao. Akazunguka, akaipita tena. Jokha alimwelekeza taratibu mpaka nyumbani.

*

Marwan alikuja Alhamisi na mkataba, amechelewa kwa foleni ya magari. Msikitini walikwisha kusali alasiri. Bi Zeyana alimpokea kwa kahawa na halua, na kwa maswali ya nasaba mpaka wakagundua nyanya zao walikuwa majirani Malindi ya Unguja. Bahasha ya khaki ilikaa mezani kando ya sahani ya tende.

"Tusali kwanza," Marwan alisema. "Kisha mtu wetu atie saini, nina safari."

Jokha aliwahi: "Basi bwana Marwan atusalishe. Mgeni wetu leo."

"Hapana, hapana," Marwan alicheka. "Mwenye nyumba ndiye imamu. Nikimtangulia, Bi Zeyana atanichapa kwa mwiko."

"Ndiyo hivyo," Bi Zeyana aliitikia haraka, bila kumtazama mkwewe.

Mswala ukatandikwa. Walipokuwa wanajipanga simu ya Marwan ikalia. Akaitazama, akafanya uso wa mtu mkubwa. "Anzeni, nitawakuta," akatoka kwenye ngazi. Muhsin akanuia. Nyuma yake Jokha kati, Bi Zeyana kwenye kiti kwa sababu ya magoti, na Nada kwa kibuibui kinachomzidi. Rakaa ya kwanza ikapita. Ya pili ilipoanza, Marwan aliingia kimya, akasimama kuliani kwa Muhsin, akafunga mikono.

Jokha hakuwahi kusali sala ndefu kama ile. Alasiri husomwa kimya, na katika kimya hicho alikuwa akihesabu kama mtu anayevuka barabara na mtoto. Pili. Wakakaa, wakainuka. Tatu. Nne. Kwenye sijida ya mwisho alibana paji la uso chini akaomba: Ewe Mola, mkalishe. Leo tu, mkalishe.

"Allahu akbar," alisema Muhsin, na akainuka wima.

Rakaa ya tano.

Marwan naye akainuka. Alichelewa, na akili yake ilikuwa bado kwenye simu, hesabu hakuishika. Yeye alimfuata imamu kama kila mchelewaji anavyofanya. Jokha akaliona hilo mara moja. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Watamaliza, watatoa salamu, Marwan ataongeza yake, kalamu itatoka, ikama itahama, Nada ataendelea na shule. Sala tu ndiyo itakayokuwa imeharibika, na Mungu mwingi wa kusamehe. Upande wa kushoto Bi Zeyana alikohoa, kikohozi kikavu kisichokuwa cha ugonjwa. Kilisema: nyamaza.

Na Jokha akanyamaza. Tusidanganyane, alinyamaza. Alimtazama mumewe kisogoni, pale nywele zilipoanza kupungua, shingo imenyooka, mtu hana habari kwamba alipaswa kuwa amekwisha kukaa. Alimwona amekaa kwenye kiti, kijiko kinamfuata mdomoni. Mikono yake ilikuwa imefungwa kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto, tayari.

Kofi likalia.

Hakupiga yeye. Ni Nada. Kofi dogo, la viganja vya miaka tisa, kama alivyofundishwa. Mtoto amehesabu, amekuta tano, akafanya ifanywavyo. Kofi lile lilimpasua Jokha, na kabla halijapoa akapiga lake, kwa nguvu, mpaka mgongo wa mkono ukamuuma.

Muhsin hakurudi. Alisimama akiyumba kidogo, ana yakini yuko ya nne, na hofu ikaanza kumpanda kwa kuwa makofi ni mawili na yeye haoni kosa. Ndipo likaja la tatu, zito, la mwanamke mzee juu ya kiti. Mama yake.

Akakaa.

Wakasujudu sijida ya kusahau, wakatoa salamu. Marwan akainuka kukamilisha rakaa yake iliyompita, na muda wote huo wao wanne walikaa palepale wakimngoja. Muhsin alikuwa akihesabu pingili za vidole. Alihesabu, akaanza upya.

Marwan alipomaliza aligeuka na tabasamu. "Mungu akubali. Binadamu husahau, sheikh wangu, usione haya." Akafungua bahasha, akatoa karatasi, akaweka kalamu juu yake.

"Bwana Marwan," Jokha alisema, "hii si mara ya kwanza. Ni ya saba. Kapigwa kichwa Riyadh. Maneno ya daktari nimemkaririsha mimi, jikoni humu."

Marwan alizungusha kikombe cha kahawa. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha Jokha zaidi. "Dada yangu, fiti imeandikwa. Mimi namtaka mpaka mwezi wa tatu tu, nivuke fainali. Kwenye barafu hahesabu rakaa."

Jogoo wa saa ya ukutani alilia, akanyamaza. Muhsin alichukua kalamu, akaitazama, akamtazama binti yake.

"Nada. Nilikuwa ya ngapi?"

"Ya tano, baba."

"Una hakika?"

"Nilihesabu kwa vidole." Mdomo ulikuwa ukimcheza. "Umekasirika?"

"Hapana, mama. Sala yako ndiyo iliyokuwa sawa." Akairudisha kalamu juu ya karatasi, akaisukuma mpaka kwa mwenyewe. "Halas, yamekwisha, Marwan. Yangu ilikuwa nne. Nimekwisha kuzimaliza, nilikuwa naongeza tu."

"Fikiri vizuri. Nikitoka hapa, ikama..."

"Najua siku zangu zimebaki ngapi. Hizo nimeziandika."

Marwan akakunja mkataba, akaaga kwa heshima, akachukua hata tende moja ya njiani. Mlango ulipofungwa Bi Zeyana alianza kulia kwa sauti, akimlaani baba mkwe wake aliyezikwa miaka thelathini iliyopita pamoja na masanduku yake. Jokha alimshika mikono. Mgongo wa mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa mwekundu.

Muhsin akachukua simu, akakaa nayo muda mrefu kabla ya kubonyeza. Upande wa pili mashine ilikuwa ikivuma, halafu ikazimwa.

"Dalmas," alisema. "Nilikutolea neno baya. Nisamehe." Akasikiliza. "Ndiyo. Hata kufagia nitafagia." Akasikiliza tena, kwa kirefu zaidi, akafumba macho. "Sawa. Waulize kampuni. Kama wameshaajiri mtu, basi ni riziki yake."

Magharibi ilipoadhiniwa alivaa kanzu, akaenda mlangoni. Jokha alimtoa Nada jikoni, akamfunga mtandio.

"Nenda na baba mpaka msikitini. Kaa upande wa wanawake, mrudi pamoja."

"Njia naijua," Muhsin alisema.

"Najua unaijua. Nenda naye."

Alitaka kubisha, kisha akampa mtoto mkono. Msikitini palikuwa na nafasi safu ya mbele, na mtu mmoja aliyemkumbuka tangu utotoni akamwashiria apite. Muhsin akatikisa kichwa. Alisimama safu ya nyuma kabisa, bega kwa bega na mafundi na madereva, mahali ambapo kuhesabu ni kazi ya mtu mwingine.